Potosí: mlima, zebaki na mtani asiyekubali kushindwa

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko Potosí, mji wa machimbo ya fedha huko Bolivia, na majirani walioulisha, na mtani wangu ameahidi kutufungia kwa mafunzo matatu.

MASANJA: Nimeyaandika kabisa. Ila kwanza kile kipimajoto.

ZUHURA: Kimevunjika nyumbani juzi, kile cha kioo. Zebaki ikatawanyika sakafuni, tone moja likanasa kwenye pete yangu ya fedha, likagoma kutoka.

MASANJA: Usiniambie ulifagia.

ZUHURA: Nani afagie? Ufagio unaisambaratisha iwe chembe chembe, mvuke unazidi. Madirisha wazi, unaisukuma kwa kadi mbili, unatia kwenye chupa yenye kifuniko. Endelea na Potosí yako.

MASANJA: Si ndiyo hiyo! Kunasa huko kwa zebaki kwenye fedha ndiko kulikoufanya mji ule. Wahispania walianza kuchimba mlima Cerro Rico 1545. Mwanzoni mawe yalikuwa na madini mengi ya fedha, na wenyeji ndio waliojua kuyayeyusha, kwa vitanuri vya udongo vyenye matundu, guaira, vinavyowekwa mteremkoni upepo uvipulize. Mji uko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, kuni za kuokoteza hakuna. Walichoma nyasi na mavi ya lama. Kufika miaka ya 1560 mawe mazuri yamepungua, vitanuri havifui dafu.

ZUHURA: Zebaki ikaingia 1572, enzi za Francisco de Toledo, makamu wa mfalme wa Hispania.

MASANJA: Na walianza na mzigo gani? Marudio! Vifusi vilivyotupwa miaka yote kwa kuwa tanuri haikuviweza. Mtu wa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, angekuelewa bila mkalimani.

ZUHURA: Geita ya kwanza hiyo. Wasikilizaji, hesabuni.

MASANJA: Sawa. Jiwe linapondwa kwenye kinu cha maji: gurudumu linainua michi mizito yenye vichwa vya chuma, inaachiwa idondoke. Unga unachekechwa, kinachobaki juu kinarudi kinuni. Karasha za kwetu Geita...

ZUHURA: Ya pili.

MASANJA: Unga unatiwa kwenye josho la mawe, kwa Kihispania cajón, linalobeba kama kilo 2,300. Unaongeza maji na chumvi, kisha zebaki inakamuliwa kupitia kitambaa ili inyeshe matone madogo. Vibarua wanakanyaga tope hilo kwa miguu. Baridi ya kule inachelewesha kazi, wiki na wiki, ndiyo maana mwanzoni waliwasha moto chini ya majosho.

ZUHURA: Wakijuaje kuwa tayari?

MASANJA: Fundi anachota tope kidogo kwenye bakuli, analiosha, anaitazama rangi ya zebaki. Ikivunjika ikawa unga mwepesi, umekula hasara: wakati wa kuosha inaondoka na maji, pamoja na fedha iliyoishika. Ikienda vizuri, tope linaoshwa, kizito kinazama, donge la zebaki na fedha linakamuliwa kwenye turubai, halafu linachomwa chini ya kifuniko cha udongo ili mvuke wa zebaki urudi kuwa maji. Kifuniko kikivuja, mchomaji anauvuta. Kila kilo ya fedha ilipoteza zebaki kilo moja na nusu hadi mbili.

ZUHURA: Tumebakiza dakika chache na bado hujagusa mita, ile kazi ya kushurutishwa kwa zamu. Toledo aliagiza mmoja kati ya kila wanaume saba wa mikoa ya nyanda za juu aende Potosí kwa zamu, kama 13,500 kwa mwaka. Hao ndio waliojenga mabwawa na vinu na kubeba mawe kutoka shimoni. Bila wao zebaki yako ingekaa kwenye mifuko ya ngozi.

MASANJA: Mfumo wa kushurutisha watu Wainka walikuwa nao zamani. Kilichobadilika 1572 ni namna ya kuchenjua, yaani kutoa fedha kwenye mawe. Na mwanzoni mwa karne ya 17 vibarua wa hiari, waliolipwa zaidi, walikuwa wengi mno.

ZUHURA: Wa hiari! Mtu amekimbia kijijini asipangiwe zamu, akaja kuuza nguvu mjini. Hiyo hiari gani, mtani?

MASANJA: Analipwa, anaweza kuhama kinu. Usimweke kapu moja na wa mita.

ZUHURA: Kodi inamngoja kwao, na lazima ailipe kwa fedha. Mimi namweka kapu hilo hilo.

MASANJA: Basi nieleze kwa nini mfalme alihodhi zebaki ya Huancavelica, mgodi wa zebaki huko Peru. Kwa hesabu ya zebaki iliyouzwa, maofisa walikisia fedha iliyotoka, wakajua nani anakwepa fungu la tano la mfalme, kodi ya sehemu moja ya tano ya fedha. Aliyeshika zebaki alishika mji.

ZUHURA: Na Huancavelica nani alichimba? Watu wa mita. Umerudi kwangu.

MASANJA: Sijarudi popote.

ZUHURA: Haya, kaa huko. Sema la majirani walioilisha Potosí, maana ndilo tulilotangaza.

MASANJA: Haraka basi. Mjini hapaoti kitu, kwa hiyo bara zima lililisha Potosí: nyumbu kutoka Salta, majani ya koka kutoka Cuzco, nafaka kutoka Cochabamba, yerba mate, majani ya kinywaji kama chai, kutoka Paraguay. Zebaki ilishuka pwani, ikapanda meli hadi bandari ya Arica, ikapandishwa milima kwa lama na nyumbu. 1776 Potosí ikahamishiwa utawala mpya wa Buenos Aires, na fedha yake ndiyo iliyolipa mishahara ya kule. Na Machi 1626 bwawa la San Ildefonso lilipasuka, vinu vingi vikasombwa...

ZUHURA: Fundi mitambo anatuonyesha saa.

MASANJA: Na yale mafunzo matatu?

ZUHURA: Kaa nayo. Umetumia muda wote kukanyaga tope.

MASANJA: Mabwawa sijayaeleza! Bila maji kinu hakizunguki, kiangazi chote watu wanakaa. Geita nako...

ZUHURA: Ya tatu. Kwaherini.