Chumba cha mabati kipumue: foili darini na matundu ya hewa

Assalamu alaykum, karibuni tena. Leo tuko Kisauni kwa mamangu, saa nane mchana, chini ya mabati. Shati limeshanigandia mgongoni na kazi sijaianza.

Kabla ya kushika ngazi, washa chetezo. Ndiyo, cha udi! Kiweke katikati ya chumba uangalie moshi. Umepanda, umegonga dari, umezunguka... umekaa. Hautoki. Basi na unyevu wa nguo zilizoanikwa ndani unakaa papo hapo, ndiyo maana pembe ile ina madoa meusi ya kuvu. Ukipaka rangi juu yake, mwezi ujao yamerudi.

Matundu ya juu, upande wa kaskazini. Leta tochi. Hee! Gazeti? Mama, nani ameziba huku? Anasema mbu. Haya, mbu tunamzuia kwa waya, mamangu, si kwa gazeti. Toa, pangusa, kata waya uzidi tundu kidogo, pigilia. Hiyo mnaijua.

Dirisha la kusini liache wazi. Miezi hii ni ya kusi, upepo unaingia huku chini, hewa ya moto inatokea kule juu. Kaskazi ikianza njia inageuka, kwa hiyo usibane upande wowote.

Sasa foili, ile karatasi ya kung'aa. Kwanza zima swichi kuu. Foili ni alumini, inapitisha umeme; ikigusa waya uliochunika, hatutakuona tena kwenye maoni.

Panda darini, uso wa kung'aa uangalie chini. Ukiangalia juu, vumbi litaufunika na mng'ao umekwisha. Pigilia kwa stepla chini ya mbao za paa, na iache nafasi. NAFASI, jamani. Inchi moja au zaidi kati ya foili na silingi bodi. Foili inazuia joto la mnunurisho, yaani lile linalorushwa na mabati ya moto hata bila kuyagusa, na bila hewa mbele ya uso wake haina kazi. Mwaka jana niliilaza bapa juu ya bodi, nikajiona fundi. Joto lilipita kama kawaida, na roli zima niliibandua kwa mikono yangu.

Twende roli la... ngoja, rudisha kamera. Pale konani. Umeona? Imelegea, inalala juu ya bodi. Ndiyo ninayowaambia! Chomoa stepla, vuta, pigilia upya. Inchi moja!

Na upenuni usizibe. Acha mwanya, hewa ya darini itoke.

Roli ninauza dukani kwangu Kongowea, lakini hata ukinunua kwingine, kazi ni hii hii. Ila jiko la makaa litoe nje. Monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa, haina rangi wala harufu, na foili haitakusaidia nayo. Mimi chai naipikia uani hata mvua ikinyesha, naweka mwavuli.

Haya, shuka, washa umeme. Chetezo tena. Moshi unapanda... unainama... unafuata matundu, huoo, umetoka!

Mama anasema nini? Eti udi wake wote sasa unanukia kwa jirani.