Unalipa makuta ili ukimbie?? Leo najibu kuhusu klabu yangu ya mbio huku Sheffield, Uingereza

Jambo jambo watu wa kwetu Congo, wa Bukavu, Goma, Uvira, na nyinyi wa Lubumbashi wenye mmeanza kunifuata juzi juzi, karibuni sana. Leo sipiki, sionyeshi nyumba, nakaa tu hapa na jaketi ya klabu nijibu swali moja ju naona hamtaniacha. Tangu niweke ile picha ya matope mpaka magotini kila siku ni lile lile, yaya (dada) unalipa pesa ili ukimbie? Siye huku tunakimbia bure toka Nyawera mpaka Muhumba na hakuna mtu anatudai kitu. Mwengine akaandika eti huko Ulaya mumekosa shida mpaka munainunua. Nimesoma yote.

Kabla sijajibu niseme hivi, sijisifu, na silalamiki. Nikisema baridi imenichosha munaniambia rudi basi, nikionyesha medali munasema anajionyesha, sasa mtu aseme nini? Nawaambia vile iko kwangu miye, mama wa watoto, nafanya kazi ya kuangalia wazee kwa zamu, mu mji mmoja, mu klabu moja. Dada mwengine yuko Norwich ama Leeds anaweza kuwaambia kitu tofauti kabisa na asiwe muongo.

Bon. Ndiyo, nalipa. Klabu nyingi za hapa ada ya mwaka inacheza kati ya paundi 20 na 50, inategemea. Sehemu ya hiyo makuta inaenda kwa England Athletics, njo wanasimamia riadha ya England, wanakupa namba, na ukiwa na hiyo namba kila mbio yenye kibali unapunguziwa paundi 2. Inayobaki inalipia kiwanja cha mazoezi, mafunzo ya wale wanaotuongoza, na ligi ya majira ya baridi, kwetu klabu inatulipia ile yote. Gawanya kwa miezi 12 uone, ni chini ya bei ya sahani ya chipsi kwa mwezi. Chenye kinauma mfuko si ada, ni mbio zenyewe, nusu marathon ya mji mkubwa inaweza kupita paundi 40 kwa asubuhi moja tu, njo maana miye nachagua moja ama mbili kwa mwaka, zingine naenda kushangilia. Na marathon ya London msiniulize tena. Kwa ile ya 2026 watu walioomba nafasi kwa bahati nasibu walipita milioni 1.1, na wanaomaliza ni elfu hamsini na kitu. Klabu nayo inapewa nafasi chache kufuatana na hesabu ya wanachama, tunapiga kura mu mkutano wa mwisho wa mwaka, jina langu halijatoka, ni hivyo.

Na bure iko! Hii wengi hamjui na mtu akifika huku bila kitu njo ningemwambia aanzie. Inaitwa parkrun, kila siku ya posho (jumamosi) saa tatu asubuhi, kilomita 5, mu bustani ya watu wote, hulipi hata peni. Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 mu bustani ya Bushy kule London, na watu 13 tu, aliyeianzisha ni Paul Sinton-Hewitt, leo iko mu nchi mingi. Hapa Sheffield unaweza kwenda Endcliffe, unaweza kwenda Hillsborough. Unajiandikisha mara moja mu intaneti, unapata kode yako, unaichapisha, basi. Wanaopima saa, wanaogawa vikaratasi vya namba, wote wanajitolea. Na iko mtu mmoja kazi yake ni kutembea nyuma ya watu wote mpaka mwisho, kwa hiyo hata wewe unayetembea pole pole huwezi kuwa wa mwisho, wa mwisho ni yeye, amevaa gile (kizibao) ya rangi. Nilipenda sana hiyo siku ya kwanza. Kwetu mtu mnene akitoka kukimbia pale Feu Rouge mu Bukavu, ba motari (wenye pikipiki) wanamsindikiza na maneno mpaka anarudi nyumbani, na ba mama ninaowajua waliacha spoti ju ya hayo tu.

Sasa mutasema, kama bure iko, klabu ya nini?

Ju ya giza. Bukavu jua linatoka na linalala karibu saa ile ile mwaka mzima, saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, hatufikirii. Hapa jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, na mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni jua limeshalala. Unaenda kazini giza, unatoka giza. Watoto wanakula, mlango unafungwa, na mtu aliyezoea Kadutu, kule Bukavu ambako kabla hujafika barabarani umeshasalimia nusu ya mtaa, huku unaweza kumaliza ijumaa mpaka ijumaa ingine bila mtu kulitaja jina lako. Siwaombe huruma, nawaeleza sababu. Klabu inakutana siku mbili kwa wiki jioni, mvua ama theluji, na ukikosa mara mbili mfululizo mtu anakuandikia, uko sawa? unaumwa? Tunakimbia na taa kichwani, tumevaa vitu vinavyong'aa, kundi la mbio sana mbele na kundi la kuongea nyuma, na kiongozi wa kundi haruhusiwi kumuacha mtu. Hawaimbi. Hicho kinanikosesha kitu, ju kwetu jumapili alfajiri unalisikia kundi kabla hulioni, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, mguu unaenda na wimbo. Hawa wanaongea tu hali ya hewa, kilima chote.

Vilima! Watu wa hapa wanajivunia ati mji wao uko juu ya vilima saba, na ni kweli unapanda. Siye wa Bukavu hiyo haitutishi. Lakini niwasahihishe wale wanaoandika ati nashinda ju nimezaliwa juu, mita 1,500 na kitu. Kwanza sishindi. Pili ile faida ya damu inaisha wiki chache tu ukishashuka, wataalamu wa mbio ndefu wanajua hivyo, njo maana wanarudi kufanya mazoezi kwenye miinuko kabla ya mashindano. Nguvu niliyo nayo nimeifanyia kazi hapa hapa, usiku, nikitoka zamu.

Ile picha ya matope ni mbio za porini, ligi ya majira ya baridi, zinaanza Oktoba mpaka karibu Machi. Hapa niongee kidogo ju njo kitu ninakipenda kuliko vyote. Hakuna lami, ni majani, mlima, kijito, na viatu viko na misumari chini. Kila klabu inajenga hema yake, unabandika namba kifuani na epengle (pini) nne, vidole vimekufa baridi mpaka mwenzako anakusaidia. Na hesabu yake iko hivi, wanachukua nafasi mlizomaliza, wanajumlisha, timu yenye jumla ndogo inashinda. Sasa sikia, hata wewe wa nyuma sana ukimpita mtu mmoja wa klabu ingine umemsukuma nafasi moja chini, unaweza kusaidia timu yako bila kuwa na mbio. Njo maana wale wa mbele wakishamaliza wanarudi pembeni wanapiga kelele na jina lako. Siku moja tope lilinivua kiatu kabisa, mguu ukatoka na soksi, kijana wa klabu ingine, mshindani, akasimama akakivuta akanipa akaendelea. Baadaye mu hema ni keki, kila mtu analeta kitu. Miye nilipeleka mandazi, beseni lile kubwa mnalolijua, nilivyorudi kubadilisha nguo nikakuta unga tu chini.

Desemba kuna moja watu wanakuja toka mbali, Percy Pud, kilomita 10 kule bonde la Loxley, inaandaliwa na klabu ya Steel City Striders, ukimaliza hawakupi medali, wanakupa pudini ya Noeli. Nafasi zinaisha haraka sana. Ni jumapili, na mama yangu aliniambia wazi kwa simu, mwanangu jumapili ni ya Mungu. Namheshimu mama. Siku hiyo nilienda misa ya jioni. Lakini mwanaume mmoja wa kanisa letu huku alimuita bwana yangu pembeni akamwambia amuangalie mke wake, ati kukimbia na kaputula ni mambo ya wazungu. Iliniuma na bado inaniuma. Mwanamke abebe kilo hamsini toka soko ya Kadutu mgongoni hakuna mtu anamuonea haya, akikimbia ju ya moyo wake na presha yake njo aibu inaanza? Sipendi, na nilimwambia.

Halafu kuna ile yetu ya ndani kati ya Noeli na mwaka mpya, kila mtu anaanza kwa saa yake kufuatana na mbio alizokimbia mwaka ule. Wa pole pole wanatoka kwanza, wa mbio sana wanasimama pale wanangoja, na kama wamehesabu vizuri wote mnafika mwisho karibu pamoja. Mara ya mwisho aliyeshinda ni bibi wa miaka 70 na kitu. Wale vijana walimfukuza kilomita nzima hawakumpata! Kipindi cha joto ni mbio za milima jioni kule Peak District, unalipa paundi chache, mara nyingi lazima ubebe jaketi la mvua, ramani, dira na filimbi, na jua linalala karibu saa nne usiku. Hiyo nitaonyesha kwa video, maneno haifai.

Bon, sasa karatasi. Ju hapa njo klabu ilinisaidia kuliko mahali popote. Kuomba uraia wa Uingereza kuna mtihani wa maswali 24, upate 18, ni paundi 50, kuna lugha, kuna ada imepita paundi 1,600 na hairudi wakikukatalia. Na wanataka watu wawili wa kukushuhudia, wanaokujua angalau miaka 3, si ndugu yako, mmoja awe na taaluma inayokubalika, mwengine awe na pasipoti ya Uingereza. Wewe mgeni, unafanya kazi usiku, utamtoa wapi? Kazini nilimuomba mkubwa wangu, alinijibu ati si utaratibu wao. Wa klabu hawakuuliza mara mbili. Mmoja ni mwalimu wa sekondari, mwengine ni mama aliyestaafu uuguzi, walikuja na pasipoti zao wakajaza mezani kwangu tukinywa chai.

Na majina! Siye tuko na jina, postinomu (jina la pili), na prenomu (lile la ubatizo). Fomu ya hapa iko na sehemu mbili. Ofisi moja iliweka postinomu yangu kama jina la familia, ingine ikaiweka katikati, ingine ikaiacha kabisa. Niliposoma kuwa kiongozi wa kundi la mbio, wakafanya ule uchunguzi wa polisi, kwa anayejitolea ni bure, wanataka anwani zako zote za miaka 5, ikakwama ju ya hilo jina tu. Kampuni moja ya kutuma pesa nayo, sitaitaja, ilizuia minervali (pesa ya shule) ya mtoto wa dada yangu mpaka walimu wakamrudisha nyumbani, ati jina la mpokeaji halifanani. Kwa hiyo ukiwa na safari mbele yako, miye kwa upande wangu ningehakikisha kitambulisho, diplomu na cheti cha kuzaliwa vinafanana herufi kwa herufi kabla sijapanda gari. Lakini kesi ya kila mtu ni yake, uliza mwanasheria, usiseme yaya wa video alisema.

Na nyinyi wa familia mnaoandika kwa siri, kama uko na makuta ya kukimbia tuma basi huku. Natuma. Najua vile benki za huko kwetu zilifunga milango mwaka 2025 ju ya vita, najua makuta inapita mikono mingapi na kila mkono unakata. Ada yangu ya klabu haimsomeshi mtoto hata muhula mmoja, na bila hayo mazoezi sijui kama ningesimama zamu za usiku, daktari alinionyesha presha yangu kabla na baada. Hiyo sitaomba msamaha.

Ya mwisho, viatu. Vijana wa Kadutu wa lile kundi la asubuhi mmeniuliza. Klabu inakusanya vilivyotumika, viko mu mifuko hapa nyumbani, vizuri kabisa, tatizo ni njia, mzigo wa kupitia Kigali unaweza kugharimu kuliko viatu vyenyewe. Siahidi tarehe. Ila msiniandikie "ya kati" ama "kubwa kidogo", mniandikie namba iliyo ndani ya kiatu, 39, 42, na kama ni ya mwanaume ama mwanamke, ju nikipata mtu wa kubeba atanipa siku moja tu ya kupanga.