Kerneli mpya imepunguza kasi ya mtandao? Tumsake mhusika

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena hapa Nyakato, Mwanza. Leo tuna seva ya Linux iliyokuwa ikihamisha mafaili vizuri. Imesasishwa ikapata kerneli mpya, yaani kiini cha Linux kinachoongoza vifaa vyote, na tangu hapo inasuasua. Huku kwetu mtandao ukiwa mzito lawama za kwanza humwendea mtoa huduma, za pili mvua inayotoka ziwani. Basi tuviondoe vyote viwili: chukua kompyuta mbili, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe kwa kebo, bila swichi, bila intaneti.

Sasa tupime, na hapa naomba utulie nami, maana mizani ikiwa mbovu hata dagaa wa Mwaloni watapimwa kama sangara. Hakikisha laptopu imechomekwa kwenye umeme. Nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza kasi ya prosesa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kipimo, tupa namba hizo uanze upya. Kisha andika cpupower frequency-set -g performance, ili kasi ya prosesa isipande na kushuka.

Tunaanza na kerneli ya zamani, kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao. Mashine ya kwanza, yenye anwani 10.0.0.1, andika iperf3 -s. Ya pili, iperf3 -c 10.0.0.1 -t 30 -V. Tazama skrini: 941 Mbits/sec. Kwa kadi ya gigabiti moja, TCP, njia ya kawaida ya kusafirisha data, haivuki hapo kwa kawaida. Kinachobaki huliwa na vichwa vya pakiti. Tunawasha kerneli mpya, tunarudia. 941 ileile! Wengi huishia hapa wakasema hakuna tatizo. Shuka mpaka mstari wa CPU Utilization. Unaona umepanda? Kebo imejaa vilevile, ila prosesa inatoka jasho zaidi kwa mzigo uleule. Hiyo ndiyo hasara tunayoitafuta. Rudia mara kadhaa kwa kila kerneli, uchukue namba ya katikati.

Kabla ya kugusa msimbo, tukague vya karibu. Hifadhi matokeo ya ethtool -k, yaani mipangilio ya kadi ya mtandao, kwa kerneli zote mbili, uyalinganishe kwa diff. Kama generic-receive-offload imezimwa, pakiti hazikusanywi tena, zinapanda moja moja. Fungua /proc/interrupts uone kama kadi inamwamsha kiini kimoja tu cha prosesa. Halafu /proc/net/softnet_stat: safu ya pili ni pakiti zilizotupwa, ya tatu ni mara ambazo kerneli ilifikia kikomo chake huku kazi bado ipo. Namba hizo ni za heksadesimali. Angalia pia /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities, kwa sababu kinga dhidi ya Meltdown na Spectre, kasoro za usalama za prosesa zilizotangazwa Januari 2018, zina gharama yake. Ukikuta sababu ni kinga hizo, nakusihi usizizime kwenye seva inayobeba taarifa za watu.

Vyote viko sawa? Twende kwenye msimbo wa kerneli, tutumie git bisect, amri ya Git ya kusaka badiliko lililoleta tatizo. Toleo bovu ni bad, lililo sawa ni good: git bisect start, git bisect bad v6.6, git bisect good v6.1. Kila hatua unajenga kerneli, unaipima na kuijibu Git good au bad. Kila jibu hukata nusu, hivyo hata mabadiliko 65,536 huisha kwa hatua 16. Tumia faili lilelile la .config, lenye mipangilio ya kerneli, kila mara kwa make olddefconfig; make localmodconfig mwanzoni itakupunguzia sana muda wa kujenga. Umeme ukikatika usihofu, Git imehifadhi ulipofikia ndani ya .git. Kerneli isipowaka, andika git bisect skip. Usikisie, kwa sababu jibu moja la uongo litakupeleka kwa mtu asiyehusika kabisa.

Git ikishataja badiliko, liondoe kwa git revert juu ya toleo jipya kabisa, upime tena. Namba zikirudi kama za kerneli ya zamani, unao ushahidi. scripts/get_maintainer.pl itakuonyesha wa kumwandikia: mpe badiliko lenyewe, .config yako, amri ulizotumia na namba za kabla na baada.