Kemo Inampa Mgonjwa Muda Gani? Saratani ya Utumbo Mpana Iliyosambaa

Ndugu zangu, wauguzi wenzangu na ninyi mnaouguza wagonjwa nyumbani, swali lenu nalijua kabla hamjauliza: kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, itampa mgonjwa wetu muda gani? Nitalijibu, ila itabidi tupitie tarakimu kidogo.

Mwaka 1957 Charles Heidelberger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitangaza dawa ya fluorourasili. Imefanana mno na malighafi ambayo seli huitumia kujigawa, basi seli ya saratani huipokea, na ikishaipokea hukwama. Kwa miaka kama 40 ndiyo tuliyoitegemea. Hata ilipoongezewa leukovorini, dawa inayoipa nguvu zaidi, nusu ya wagonjwa waliokwisha kusambaa saratani walikuwa wamefariki kufikia mwaka mmoja hivi.

Halafu zikaja dawa nyingine mbili za kemo, irinotekani na oksaliplatini. Mwaka 2004 ukaongezeka mkono mwingine, bevasizumabu, inayozuia uvimbe kujijengea mishipa ya damu: katika utafiti mmoja mkubwa ilisogeza muda wa katikati wa kuishi, ule ambao nusu ya wagonjwa huupita, kutoka miezi 15.6 hadi 20.3. Mwaka huohuo watafiti Wafaransa walionyesha jambo ambalo familia nyingi zingefarijika kulisikia. Uanze na irinotekani kisha oksaliplatini, au kinyume chake, muda ni karibu uleule: miezi 21.5 na 20.6. Kwa hiyo msigombane nani alichagua dawa ipi kwanza. La maana ni mgonjwa aweze kuzipata zote, kwa zamu yake.

Sasa utafiti ninaoupenda kuliko yote. Ulitoka mwaka 2009, ukahusu wagonjwa 2,470 wa hospitali mbili za Marekani, Mayo Clinic na MD Anderson. Waliogundulika kati ya 1990 na 1997, muda wa katikati ulikuwa miezi 14.2. Wa 2004 hadi 2006, miezi 29.3. Umezidi mara mbili! Wengi wakisikia hivyo wanasema dawa zimefanya kazi, na zimefanya kweli, lakini watafiti walipochambua waliona kwamba nafuu ya miaka ya mwanzo, kuanzia 1998, ilitokana zaidi na kisu. Madaktari wa upasuaji walikuwa wameanza kukata vipande vya ini vilivyoshambuliwa na saratani iliyosambaa, kwa mgonjwa mmoja kati ya watano. Dawa mpya ziliongeza sehemu yake baadaye. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: je, daktari wa upasuaji wa ini ameziona picha za huyu mgonjwa? Kuna ini ambalo leo halikatiki, na baada ya miezi michache ya kemo likakatika.

Hiyo miezi 29 isomeni vizuri. Ukiwapanga wagonjwa wote kwa muda walioishi, ni ya yule aliyesimama katikati. Nusu walimpita, baadhi kwa miaka mingi. Tena hizo ni hospitali kubwa, zinazopokea watu wenye nguvu za kusafiri. Takwimu za Marekani yote nazo zilipanda, ila si kwa kasi hiyo.

Oksaliplatini ina adhabu yake. Mgonjwa akishika chupa ya maji baridi vidole vinachoma kama vimepigwa shoti, na dozi zikirundikana ganzi hubaki mikononi na miguuni, vifungo vya shati vinamshinda. Msimwambie avumilie. Tafiti zimeonyesha kwamba oksaliplatini inaweza kusimamishwa kwa muda huku fluorourasili ikiendelea, bila kupunguza maisha yake kwa kiasi cha kuonekana. Mwambieni daktari mapema, kabla ganzi haijawa ya kudumu.

Nimalizie na vipimo vya vinasaba vya uvimbe. Wapo wagonjwa wachache, kama 5 kwa kila 100 katika hatua ya nne, yaani saratani ikishasambaa, ambao uvimbe wao umeharibika mfumo wa kurekebisha makosa ya DNA. Kwa hao pembrolizumabu, inayoamsha kinga ya mwili, ilizuia ugonjwa kusonga mbele kwa muda wa katikati wa miezi 16.5 dhidi ya 8.2 ya kemo, kwa matokeo yaliyotolewa 2020. Bei yake inatisha, naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na mama wa pale dirishani.