Kumtawala askari wa adui katika Frostgrave: hatua kwa hatua

Karibuni tena mezani. Leo, kwenye Frostgrave, mchezo wa mezani wa sanamu ndogo ambamo wachawi na askari wao wanapigania hazina, ni ule uchawi wa kutawala akili, maana ndio unaozua ubishi kuliko wote, na mimi naupenda kupita kiasi.

Meza mmeshapanga, tuingie moja kwa moja. Mchawi wangu anamwona yule jambazi kule ukutani, askari wa mwenzangu ninayecheza dhidi yake. Narusha kete ya pande 20, nahitaji 12 au zaidi. Nimepata 15, uchawi umepita. Sasa mwenzangu anarusha ya kujikinga, na lazima afikie ile 15 yangu, siyo 12. Jambazi ana nia, yaani namba inayojumlishwa kwenye kete ya kujikinga, ya -1, kwa hiyo kete yenyewe ionyeshe 16 au zaidi. Imetoka 9. Jambazi ni wangu!

Subirini, mkono wangu unaziba kamera. Nasogeza... haya, mnaona?

Hapa ndipo muwe macho: je, huyu jambazi ameshacheza zamu hii? Kila mmoja anacheza mara moja tu kwa zamu. Kama mchawi wa mwenzangu alitangulia akamsogeza pamoja naye, basi kwangu anasimama tu hadi zamu ijayo. Kubadili bwana hakumpi nafasi ya pili. Mimi kila anayemaliza namwekea kipande chekundu miguuni, hivi. Wekeni chochote, lakini wekeni! Kama hajacheza, namsogeza kwenye awamu ya askari wangu, ile sehemu ya zamu ambapo askari wangu wanacheza.

Angalieni pia nani amegusana naye. Huyu mpiga upinde alikuwa rafiki yake sasa hivi. Sasa ni adui, wako vitani. Ile +2 ambayo jambazi alikuwa akiwaongezea wenzake kwenye kete ya kupigana imekufa, na askari wangu akimgusa huyo mpiga upinde, jambazi ananisaidia mimi. Raha iliyoje!

Narudia, kabla ya kumgusa: ameshacheza? Tazameni kipande.

Halafu hazina. Jambazi akiwa ameibeba anatembea nusu ya mwendo wake, iwe kwako au kwa mwenzako. Akitoka nayo nje ya meza akiwa chini yako, ni ya nani? Hilo mlimalize kwa mdomo kabla ya kete ya kwanza. Mimi nasema ni ya anayemtawala wakati huo, ndipo uchawi huu unapokuwa na thamani.

Haya, nampeleka jambazi ngazini. Kipande chekundu miguuni, sasa acheze mwenzangu.