Pleti namba usiku: picha ikiwa nyeusi ndio umepatia

Haya majirani, shikamooni wazee, vijana mambo zenu. Mwenyekiti kanipa nusu saa na kaniambia nisigeuze mkutano wa mtaa kuwa duka la kamera, kwa hiyo leo siuzi kitu, nimekuja kuwasimulia tu nilivyoaibika na kamera zangu mwenyewe.

Mnajua mi ni fundi. Pale kwangu zipo kamera nne, mgeni akija lazima nimwonyeshe kwenye simu, cheki, mpaka paka wa jirani usiku anaonekana. Sasa Desemba ile, wiki ambayo Wachaga wote mnarudi Moshi na barabara zimefurika magari ya kutoka Dar, saa nane usiku kirikuu ikasimama getini kwangu, jamaa wawili wakashuka, wakabeba betri mbili za sola na mpira wangu wa kumwagilia, wakasepa. Asubuhi nimekaa mbele ya DVR, ile mashine ya kurekodi kamera, na kikombe cha chai, nina raha kabisa, maana najua nimewanasa. Navuta riplei, kirikuu naiona, tairi naziona, mmoja kavaa kapelo namwona, nafika kwenye namba, kipande cheupe. Cheupe pee, kama karatasi inayowaka. Nikazumu, ikawa mbaya zaidi, viboksi viboksi. Mke wangu kasimama nyuma yangu akaniuliza, "Baba, na wateja wako huwa unawafungia hivi hivi?"

Sikujibu. Ila nikaanza kuchimba.

Ebu kijana hapo mlangoni zima taa, chukua simu yako, washa flashi, piga picha gari ya mzee ilivyosimama pale, simama hatua kama tano hivi. Umepiga? Zungusha watu waone. Mnaona? Gari imekuwa giza na pleti imewaka kama taa. Pleti namba imetengenezwa makusudi irudishe mwanga kule kule ulikotoka, ili dereva wa nyuma aione mbali. Na kamera zetu usiku zinamulika taa za infraredi, zile jicho halizioni, zimezunguka lenzi pale pale. Kwa hiyo mwanga unatoka kwenye kamera, unagonga pleti, unarudi wote kwenye lenzi. Kamera wakati huo inahangaika kuangaza bustani yako nzima na ukuta na mgomba, imefungua macho mpaka mwisho, herufi zote zinamezwa na weupe.

La pili ni mwendo. Kamera ikijiendesha yenyewe usiku, shata, yaani kile kinachofungua na kufunga mwanga kuingia, inabaki wazi sekunde 1/25, nyingine hata zaidi. Gari ikikatiza mbele yako kwa spidi ya 20 tu, hii ya barabara yetu yenye mashimo, ndani ya muda huo imeshasogea sentimita 22. Herufi haifiki hata nusu ya hapo kwa urefu, sasa utasoma nini? Weka shata 1/500 inasogea sentimita 1 na kidogo, weka 1/1000 ni nusu sentimita. Hapo unasoma.

Sasa sikilizeni hapa maana ndio kitu chenyewe. Ukiweka shata 1/1000 picha inakuwa nyeusi tii. Geti huoni, mtu huoni, mgomba huoni, unaona taa za gari na kamstatili kamoja kenye namba. Mteja akiona hivyo ananipigia simu, fundi kamera imekufa. Haijakufa! Ile ile pleti iliyokuwa inatuharibia kwa kurudisha mwanga wote, sasa ndio inatuokoa, kwa sababu ni yenyewe tu inayorudisha mwanga wa kutosha kwa muda mfupi hivyo. Kwa hiyo kamera ya namba haiwezi kuwa kamera ya kuangalia nyumba. Unataka sura za watu na unataka namba, funga mbili, moja uiache ilivyo, ya pili uifanye kipofu cha kila kitu isipokuwa pleti.

Kwenye menyu ingia sehemu ya Exposure, toa oto weka manuali, shata anza na 1/500 halafu sogea kidogo kidogo kuelekea 1/1000, geini, ile inayokuza mwanga, ishushe mpaka chembechembe zipungue, WDR, ile ya kusawazisha penye giza na penye mwanga, izime, usiku ilazimishe nyeusi na nyeupe. Ile ya kusafisha picha nayo ishushe maana inasafisha mpaka herufi. Na uyafanye haya kwenye profaili ya usiku peke yake, mchana iachie oto.

Mama anauliza hapo, je kama kamera yangu ni ya megapikseli nyingi? Mama, lenzi kwanza. Wengi tumefungiwa lenzi ya milimita 2.8, inaona kiwanja kizima, lakini gari ikiwa mita 15 pleti inapata pikseli, zile nukta za picha, kama 45 tu kwa upana kwenye kamera ya megapikseli 4, na hapo herufi zinagombania nafasi. Milimita 12 umbali ule ule inapata karibu 200. Hutaki kuona mtaa mzima, unataka upana wa barabara tu.

Na tuache kufunga juu kabisa chini ya paa kama kiota. Ikiwa mita 3 juu ya usawa wa pleti, ilenge gari likiwa walau mita 6 mbele, zaidi ya hapo bora zaidi, na isitazame kwa upande sana. Mi yangu nimeiteremsha kwenye nguzo ya geti, kwenye kiboksi cha chuma, inatazama magari yakiondoka, sio yakija. Yakija taa kubwa zinaipiga usoni, na bodaboda pleti yake, ile ya MC, iko nyuma, kwa hiyo ukimngoja mbele umeumia.

Rangi sahau. Njano ya gari binafsi na nyeupe ya biashara kwenye infraredi zote ni nyeupe, usije ukamwambia polisi ilikuwa daladala.

Buibui nao wanapenda taa hizi balaa, ukitoka na ufagio kila Jumamosi umemaliza. Vumbi la kiangazi hivyo hivyo, futa kioo. Halafu saa ya DVR irekebishe, kwangu ilikuwa nyuma saa tatu kamili, riplei inaonyesha tumeibiwa saa tano usiku wakati nilikuwa macho naangalia mpira.

Lingine la haraka, tuna sheria ya taarifa binafsi tangu 2022, kwa hiyo namba ya gari la mtu usiirushe kwenye grupu la mtaa eti huyu mwizi. Peleka polisi. Huenda mwenye gari ni jirani, alikuja tu kumsalimia shangazi.

Haya tutoke nje, nimeileta hapa na monita. Wewe wa bodaboda, washa, nenda mpaka pale kwenye mti wa mringaringa, geuza, upite hapa spidi ya kawaida yako, usituonyeshe ufundi. Mzee shika monita. Taa zizimwe. Amepita? Soma, mzee, soma kwa sauti.