Kitororo na Ulimbo wa Kirukia

Assalamu alaykum, jamaa zangu. Naomba mnyamaze kidogo, na feni hilo lizimwe. Mnasikia? To-to-to-to. Kimya. To-to-to. Kimya tena. Mlidhani ni fundi anagonga bati ng'ambo ya barabara. Hata mimi nilidhani hivyo miaka mingi. Huyo ni kitororo, ndege wa sentimita 10 hivi, na hushinda mwembeni akigonga jua la saa saba, wakati wenzake wamejificha kivulini. Waingereza nao walimpa jina la fundi wa kuziba masufuria.

Kumwona ndiyo shughuli. Mgongo mweusi, kiuno cha manjano, na usoni mistari miwili myeupe kama aliyepakwa chokaa kwa kidole. Mistari hiyo imo katika jina lake la kisayansi, Pogoniulus bilineatus. Ana undugu na kigong'ota: vidole viwili mbele, viwili nyuma, na nyumba hujitobolea mwenyewe katika tawi lililokufa. Mkienda Shimba Hills, pwani ya Kenya, mtamkuta pia binamu yake wa kijani, asiye na mistari.

Lakini nilichojia hapa ni chakula chake. Wadudu anakula, tini za mlandege anakula, ila kwa tunda la kirukia haambiliki. Wenye miembe mnakijua kirukia, kile kijimea kinachoota juu ya tawi la mti wa watu kikanywa maji yake bila kulipa kodi. Majani kinayo, tena mabichi, na chakula chajipikia. Maji ndiyo kinayoiba. Sasa kijimea hicho ardhini hakimei. Mbegu ikidondoka chini, imekwisha. Itafikaje juu ya tawi?

Utotoni tulitega ndege kwa ulimbo. Utomvu wa mfenesi, kijiti, na ndege akitua ndiyo basi. Kirukia naye ana ulimbo wake, ila kautia ndani ya tunda. Kitororo humeza tunda, nyama ikasagika, mbegu ikabaki na utando wake unaonata. Dakika chache baadaye anaicheua, nayo inamgandia mdomoni. Afanyeje? Anausugua mdomo tawini, kama mtoto anayepangusa kamasi ukutani, na mbegu inabaki pale pale, juu ya mti ulio hai. Sisi tulikuwa tukimtega tumle. Kirukia humtega akampa kazi, na ujira humlipa kabla. Maua yake vilevile hayakosi mhudumu. Huja chozi, yule ndege mdogo, kwa mdomo wake mrefu, kutafuta asali.

Nitoke nje ya mada kidogo, mniwie radhi. Mwaka 1964, huko Mayau, kaskazini-magharibi mwa Zambia, msafara wa C. W. Benson, mtaalamu wa ndege, ulipata kitororo mmoja mwenye kifua cheupe. Aliitwa Pogoniulus makawai, kwa heshima ya Jali Makawa, Mwafrika mjuzi wa ndege aliyefanya kazi na Benson miaka na miaka. Tangu siku hiyo hajaonekana wa pili. Yupo mmoja tu, amekauka, kwenye jumba la makumbusho Uingereza. Uchunguzi wa vinasaba umemkuta ndani ya ukoo wa huyu huyu anayetugongea bati. Mimi nikimwaza huyo wa Mayau hunijia huruma, kisha hunijia tamaa ya kwenda kumtafuta mwenziwe.

Naam, mzee wangu pale nyuma anauliza: kirukia akikate au akiache? Kama mwembe umeelemewa, kata, lakini usikwanyue majani tu, maana mizizi imeingia ndani ya mti na kitachipua tena. Kata tawi lenyewe, chini ya pale kiliposhika. Na ukiona tawi kavu lenye tundu la kuingia kidole gumba, hilo niachie. Lina mwenyewe.